Nipo, Niko, Nimo

Swali linaloulizwa kuliko yote kwenye simu za Kisangani lina maneno mawili tu: "Uko wapi?" Linatangulia salamu, na mara nyingi linashika nafasi ya salamu. Anayeongea Kilingala naye anamalizia kwa neno lile lile, "Ozali wapi?", hata mpita njia sokoni asiyesikia vizuri lugha yoyote kati ya hizo mbili ataambulia wapi, wapi, wapi, kutoka kila upande. Zamani za simu ya waya swali hili halikuwa na maana, kwa sababu aliyepokea alikuwa pale waya ulipofungwa. Simu ya mkononi ndiyo iliyolifanya kuwa la lazima. Na sasa simu hiyo hiyo imejitolea kulijibu kwa niaba yetu, sisi tukiwa tumefunga vinywa.

Nataka kulitazama swali hili kama mwanafunzi wa isimu, na pia kama binti anayerudi nyumbani jioni kwa pikipiki. Ninachotetea ni kwamba lugha zetu zina namna nyingi za kusema mtu yuko wapi, na kwamba uwingi huo una kazi: ndio unaotuwezesha kutunza usalama bila kutoa siri yetu yote. Simu ina namna moja tu. Tunapoiachia simu kazi ya kujibu, tunapoteza haki ya kuchagua.

Tangu Oktoba 2017 WhatsApp inamwezesha mtu kuonyesha mahali alipo moja kwa moja, kwa dakika 15, kwa saa 1 au kwa saa 8. Anayepokea anaona nukta ikitembea juu ya ramani. Ukiituma kwenye kundi, wote waliomo wanaiona. Wengi wetu katika fakulte tumeitumia, na tuna sababu. Somo la mwisho likiisha giza linaingia, umeme mara nyingi haupo, na kutoka Makiso hadi Mangobo unapanda nyuma ya mtu usiyemjua jina. Toleka, ile baiskeli yetu ya abiria iliyopewa jina la Kilingala lenye maana ya "tupite", inakwenda polepole na kila mtu barabarani anakuona. Pikipiki inakupitisha kwa kasi kwenye vichochoro ambavyo dereva ndiye aliyevichagua. Msichana anayemtumia dada yake nukta kwa dakika 15 anafanya jambo la busara, nami sina neno la kumpinga.

Mama yangu ndiye wa kwanza kuniomba niiwashe kila siku, kutwa nzima. Ombi lake si la kuchekwa. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mizinga ndani ya mji wetu, katika vita ambavyo wenyeji wanaviita mpaka leo Vita vya Siku Sita. Mamia ya raia walikufa. Mama alikuwa Mangobo, amelala chini ya kitanda pamoja na majirani. Papa alikuwa amevuka mto kwenda Lubunga asubuhi ya siku ya kwanza, na hakukuwa na mtumbwi wa kumrudisha. Kwa siku sita Mama hakujua kama ana mume au ni mjane. Mimi nilizaliwa baada ya hapo, nikaikuta hofu hiyo nyumbani kama mtoto anavyokikuta kiti cha babu: hakuna anayekieleza, lakini kila mtu anakizunguka. Kwa hiyo Mama anaponiambia, "Washa ile kitu nikuone," najua siku anazozikumbuka.

Turudi kwenye sarufi. Katika Kiswahili sanifu tunafundishwa viambishi vitatu vya mahali: -po, -ko na -mo. "Nipo" inataja mahali mahususi, panapojulikana. "Niko" inataja upande au eneo, bila kupaonyesha kwa kidole. "Nimo" inataja ndani. Ndizo ngeli za 16, 17 na 18, pa-, ku- na mu-, ambazo Kiswahili kinazo pamoja na lugha nyingi za Kibantu. Sisemi kwamba wahenga walizitunga ili kujilinda na maadui. Nasema tu kwamba mzungumzaji amewekewa mkononi ngazi tatu, na kila anapojibu anachagua akanyage ipi. Anayesema "niko sokoni" hajadanganya, na bado hajaonyesha ni meza ya nani aliyosimama mbele yake.

Mwenzangu wa Kisangani ataniambia kwamba hapa kwetu hatusemi hivyo, na ni kweli. Katika Kiswahili chetu, ambacho Nico Nassenstein alikiandikia kitabu kizima mwaka 2015, "niko" imemeza karibu kila kitu: niko mwanafunzi, niko na njaa, niko nakuja. Lakini ngazi zile hazikufa. Zimehamia mbele ya nomino. Tunasema "niko ku Mangobo", na hapo tumetaja eneo. Tunasema "niko mu nyumba", na hapo tumeingia ndani. Kisha kuna jibu letu maarufu, "niko mu njia". Kila mkazi wa mji huu anajua kwamba maneno hayo yanaweza kusemwa na mtu aliyekwisha kufika kona, na pia na mtu ambaye bado ana taulo begani. Ndiyo maana mjibizani mzoefu anauliza, "Njia gani?" Ukilipima jibu hilo kama taarifa ya mahali, halina kitu. Ukilipima kama tendo la usemi, limekamilika: ni ahadi. Msemaji haelezi alipo, anaahidi kwamba atafika. Mwenye Kilingala anasema "nazali na nzela" kwa kihusishi kile kile na anachotumia kwa nyumba, soko na mto, naye anaeleweka vivyo hivyo.

Wanafunzi wa pragmatiki watakumbuka kwamba H. P. Grice, katika makala yake iliyochapwa mwaka 1975, alichukua mfano wa mtu anayeulizwa rafiki fulani anakaa wapi. Anajibu kwamba anakaa mahali fulani kusini mwa Ufaransa. Kwa Grice, jibu hilo lina upungufu wa habari, na msikilizaji anaupatia maelezo: msemaji hajui zaidi ya hapo. Mwaka uliofuata Elinor Keenan alichapisha utafiti wake wa kijiji kimoja cha Madagaska. Aligundua kwamba huko, mtu akiulizwa mama yake yuko wapi, anaweza kujibu kwamba yuko nyumbani au yuko sokoni, na hakuna anayedhani kuwa hajui. Habari mpya ni mali, haigawiwi ovyo. Isitoshe, aliyetaja mahali alipo mtu anaweza kubeba lawama ikiwa mtu huyo atapatwa na jambo kwa sababu ya habari hiyo. Niliposoma hayo mara ya kwanza niliona kama naambiwa habari za nyanya yangu. Mgeni akiuliza, "Papa yuko?", nyanya hujibu kwanza kwa swali: "Unamtafutia nini?" Mahali pa mtu kwake ni kitu anachotunziwa mwenyewe, na hakitolewi mpaka shabaha ya muulizaji ijulikane.

Mtu anaweza kunipinga kwamba utamaduni wa mto wetu ulikuwa wa kutangaza, si wa kuficha. Walokele walizungumza kwa ngoma ya gogo lililochimbwa, lenye midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini, kwa kufuata toni za lugha yao. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, karibu na hapa, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake Talking Drums of Africa cha mwaka 1949. Kwa kuwa maneno mengi yana toni zinazofanana, ngoma hairushi neno peke yake. Hulirefusha kuwa fungu zima la maneno ili lisichanganywe na jingine. Jina la ngoma la mtu nalo lilikuwa refu, likibeba jina lake, la baba yake na la kijiji cha mama yake. Mtu aliyeitwa kwa jina hilo aliitwa mbele ya vijiji kadhaa kwa pamoja. Henry Morton Stanley alipopita maporomoko yetu Januari 1877, ngoma za ukingoni zilimtangulia, na vijiji vya mbele vilipata habari zake kabla mitumbwi yake haijaonekana.

Lakini tazama ngoma ile ilifanya nini hasa. Ilimtangaza mgeni mwenye silaha. Wenyeji haikuwatangaza kwake. Ilimwita mtu arudi kijijini, haikumfuata hatua kwa hatua. Aliyesikia bila kujua Kilokele alisikia mlio tu. Na sauti ilipokwisha, ilikwisha. Hakuna aliyeweza kesho yake kurudia milio ya mwezi mzima na kujua kwamba fulani huvuka mto kila Jumanne. Ngoma ilikuwa ya hadhara, ila ilikuwa na mipaka minne: nani anaelewa, habari inahusu nini, kwa shabaha gani, na inadumu muda gani. Nukta ya simu haina hata mmoja kati ya mipaka hiyo, isipokuwa tuiwekee sisi wenyewe.

Ngoma hizo ndizo zilizonipeleka Isangi mwaka jana kwa utafiti wa kumaliza masomo. Nilisafiri kwa balenieri, ile mashua ya mbao yenye mota inayobeba watu, mifuko ya mihogo na mbuzi pamoja. Kwa ombi la Mama niliwasha nukta kwa saa 8. Mbele ya Yangambi mtandao ulipotea. Nukta haikufutika. Ilibaki pale ilipoonekana mara ya mwisho, yaani katikati ya mto, na kwenye simu ya Mama nikawa mtu aliyesimama majini bila kusogea. Anayejua mto wetu anajua mashua ngapi zimezama kwa kupakiwa kupita kiasi au kwa kusafiri usiku. Mama alimpigia yaya yangu Kinshasa, yaya akampigia rafiki yake Yangambi, rafiki akashuka hadi ufukoni kuuliza. Nilipofika Isangi na kupata mtandao, sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya Mama: "Ile kitu iko naonyesha uko katikati ya mayi, haitembei!" Baada ya hapo hakusema kitu kwa muda, alikuwa analia.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, na sioni kama programu ilidanganya. Ilionyesha mahali pa mwisho ilipojua. Kilichokosekana ni kitu ambacho haina uwezo wa kukitoa: kauli. Nukta ikitembea haisemi "niko salama", kwa maana anayetekwa naye hutembea. Nukta ikisimama haisemi "nimekufa", kwa maana anayekula naye husimama. Msikilizaji ndiye anayeijazia maana, na kila mmoja hujaza kutoka ghalani mwake. Ghala la Mama lina siku sita za Juni 2000. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mama anapouliza "uko wapi?", mara tisa kati ya kumi hataki kujua mahali. Anauliza "u hai?", na swali hilo halijibiwi na ramani. Linajibiwa na neno moja ambalo linatoshea kwenye ujumbe wa bei ndogo kuliko zote: "Nimefika."

Lakini si kila anayeuliza ana ghala kama la Mama. Rafiki yangu mmoja, aliyeniruhusu nieleze haya bila jina wala idara yake, alikuwa na mchumba aliyemwomba nukta kila asubuhi saa mbili. Saa 8 zilipokwisha, saa kumi jioni, alimwomba tena. Mwanzoni ilikuwa kwa jina la usalama: mji umeharibika, nataka nijue kama umefika. Baada ya wiki chache, nukta ilipokaa mahali pamoja dakika ishirini, simu ililia: "Umesimama na nani?" Tazama swali lilivyogeuka. "Wapi" ilikuwa mlango tu. Chumba chenyewe kilikuwa "na nani". Rafiki yangu alipoacha kuiwasha, aliulizwa anaficha nini. Kwa mantiki ya nukta, kunyamaza ni kukiri. Grice angeliona hilo haraka: ukiwa na uwezo wa kutoa habari kamili na hukuitoa, msikilizaji hutafuta sababu. Mwanakijiji wa Keenan angekuwa salama zaidi, kwani kwao kutokamilisha habari ni kawaida na hakumtii mtu hatiani.

Aliachana naye. Miezi miwili baadaye watu kumi na mbili wa darasa lake walikula pamoja baada ya mtihani, na mmoja wao akaweka picha kwenye Facebook chakula kikiwa bado mezani. Nyuma yao kilionekana kibao cha mgahawa. Mchumba wa zamani alifika kabla hawajanyanyuka. Hakuingia, hakumpiga, hakusema neno. Alisimama ng'ambo ya barabara akitabasamu mpaka walipoondoka. Kwa muhula mzima rafiki yangu alibadilisha njia zake, na akaacha somo moja la jioni alilolipenda kuliko yote. Yeye mwenyewe hakuwa ameonyesha alipo popote. Mahali pa mtu hutolewa pia na wenzake, na mara nyingi kwa furaha tupu.

Kuna jambo jingine ambalo watengenezaji wa programu hizi hawakulijua kuhusu sisi. Wanadhani simu moja ni mtu mmoja. Simu ya Mama ni ya parseli nzima. Mpwa anaichezea, jirani anaiazima, na umeme ukikatika siku tatu inapelekwa kwa kijana wa kuchaji, inalala mezani pake kati ya simu nyingine thelathini. Kundi letu la familia kwenye WhatsApp lina watu arobaini na saba, na kati yao wapo ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Ninapotuma nukta "kwa Mama", sarufi ya sentensi hiyo ni ya uongo kidogo: mpokeaji si mmoja. "Nipo" niliyomnong'oneza mtu mmoja imesemwa uwanjani.

Na anayedhani kwamba nukta moja haina uzito, akumbuke kisa cha Strava, programu ya wakimbiaji. Novemba 2017 kampuni hiyo ilichapisha ramani ya dunia iliyojumlisha njia za watumiaji wake, bila jina la mtu hata mmoja. Januari 2018 mwanafunzi Mwaustralia wa miaka 20, Nathan Ruser, alionyesha kwamba katika nchi zenye vita njia hizo zilichora kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia mazoezi asubuhi na vifaa vyao mkononi. Hakuna askari aliyetangaza kambi yake. Mazoea yao ndiyo yaliyoitangaza. Nukta ya leo inaeleza nilipo. Nukta za miezi mitatu zinaeleza nitakapokuwa Alhamisi ijayo, na hiyo ndiyo habari ambayo mwenye nia mbaya anaihitaji.

Hapa kwetu hatuhitaji kwenda kwa askari wa mbali. Tangu Februari 2023 mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ng'ambo ya kushoto ya mto, umeua watu na kuchoma nyumba, na maelfu wamekimbia, wengi wakivuka kuja upande huu. Kwa aliyekimbia, habari ya alipo ina sura mbili kwa wakati mmoja. Ndugu zake wanaitafuta wapate usingizi. Anayemwinda anaitafuta pia. Picha ya ukumbi uliojaa waliokimbia, iliyotumwa kwa nia ya kuomba mchele, inaweza kusomwa na wote wawili. Na mwanaisimu ajue kwamba hapo hata lugha inakuwa nukta: neno moja la Kimbole au la Kilengola likisikika kwenye sauti iliyorekodiwa linaeleza aliyelisema anatoka upande gani.

Kuna watu waliokutana na tatizo hili zamani kabla ya simu zetu, nao ni Msalaba Mwekundu. Katika kazi yao ya kuunganisha familia zilizotawanywa na vita, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu inafuata kanuni moja ambayo ningependa ifundishwe katika somo la pragmatiki: mtu anayetafutwa akipatikana, anwani yake haitolewi kwa anayemtafuta bila yeye kukubali. Anaulizwa kwanza. Kanuni hiyo inatenganisha maswali mawili ambayo simu imeyafunga kamba moja, "u hai?" na "uko wapi?", na inamwachia mwenye mwili wake jibu la swali la pili. Nyanya yangu hajapata kusoma kanuni za Geneva, lakini "unamtafutia nini?" yake inatoka kwenye chemchemi hiyo hiyo.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinamhakikishia kila mtu heshima ya maisha yake ya faragha na siri ya mawasiliano yake, na Kanuni ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 imeweka masharti juu ya data za mtu binafsi. Nafurahi kwamba zipo. Lakini kinachotokea kati ya mchumba na mchumba, kati ya mama na binti, au kwenye meza ya kuchajia simu, hakipiti mbele ya hakimu. Kinapita kwenye mazungumzo, na mazungumzo ndiyo taaluma yetu.

Kwa hiyo, baada ya safari ya Isangi, mimi na Mama tulikaa tukakubaliana. Nikisafiri, kabla ya kuondoka namtajia chombo, kituo na saa ninayotarajia kufika, na namba ya mtu mmoja atakayenipokea. Sehemu isiyo na mtandao naitaja mapema, ili ukimya wa hapo usimtishe. Nikifika naandika "nimefika", neno hilo hilo kila mara, na tuna neno jingine ambalo nikiliandika maana yake ni kwamba aje au atume mtu. Mambo hayo hayategemei intaneti, na sisi tuliokuwa shule ya sekondari tunakumbuka kwamba kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa karibu siku ishirini. Jioni nikitoka fakulte nampa dada yangu nukta, yeye peke yake, kwa saa 1, nami naizima nikishuka hata kama muda haujaisha. Darasani tumekubaliana kwamba picha ya tulipokula inawekwa baada ya wote kufika makwao, na kwamba kila aliyemo anaulizwa kwanza.

Ukiyatazama makubaliano hayo kwa jicho la sarufi, ni ngazi zile zile. Kwa ulimwengu inatosha "niko Kisangani". Kwa kundi la familia inatosha "niko ku Makiso". "Nipo hapa hasa" ni ya watu wawili, kwa muda unaohesabika. Na "nimo", ndani ya nyumba gani na pamoja na nani, si ya mtu yeyote asiyekaribishwa kuingia. Wahadhiri wetu wakitafuta mada za utafiti, naomba waitazame hii: jinsi wakazi wa mji huu wanavyolijibu swali la mahali katika lugha wanazotumia kila siku, wanapopenda, wanapoogopa na wanapochelewa. Naamini tutakuta humo hekima nyingi kuliko kwenye ukurasa wa mipangilio ya simu.

Rafiki yangu amerudi kwenye somo la jioni muhula huu. Anakaa safu ya pili. Tunaojua anapandia pikipiki kwenye kona ipi ni wawili tu.